Mafuta ya Alanyo

Chunusi za Aciro zilikuwa chunusi tu. Nilimwambia uso wake unafanana na ukuta wangu ulioharibiwa na mvua, akacheka. Tunaishi mlango kwa mlango hapa Mbuya, na mdomo wangu ameuzoea. Mama yake, Alanyo, hakucheka. Binti alikuwa ameitwa kwenye usaili wa jeshi, na huko daktari anakuvua nguo anakukagua kama mnunuzi wa ng'ombe. Odur, baba yake, alikufa akiwa askari. Tangu tumzike, nyumba ile yote ilimtegemea msichana huyo mmoja.

"Wakiona usaha huu watasema ana ugonjwa," Alanyo alisema. "Kukhu, nipeleke sokoni Kikuubo."

Mimi ndiye Kukhu, yaani bibi. Wameniita hivyo mpaka jina langu, Nabangala, limeota kutu.

Kikuubo tulisukumwa na wabeba mizigo mpaka tukafika kwa Lailah, muuza vipodozi. Alimshika Aciro kidevu, akamgeuza huku na huku.

"Pua na paji la uso vina mafuta. Mashavu makavu. Hiyo ni ngozi ya mchanganyiko."

"Na yangu?" nikauliza.

"Jjajja, bibi yangu, yako ni ya mkoba."

"Lakini mkoba mzuri. Uone, haujapasuka."

Akacheka, kisha akatoa kichupa. "Hii ni asidi ya kuchubua chunusi. Kali. Kidogo tu, hapa panapong'aa. Mashavu yaache. Usichanganye na kitu, usifunike. Na kwanza jaribu mkononi, usubiri mpaka kesho, ndipo uguse uso."

Alanyo akaitikia kwa kichwa, kama watu wanavyoitikia matangazo kanisani.

Nyumbani Aciro alijipaka tone moja puani, akaruka. "Mama, inachoma!"

Sasa, kwa Alanyo kitu kikichoma dawa yake ni moja: moo yaa, mafuta ya shea ambayo dada yake Adoch humletea kwa kopo kutoka Kitgum. Ndiyo mafuta ya kwanza kumgusa mtoto wao akizaliwa. Akafungua kopo, akamimina kile kichupa chote humo, akakoroga.

"Lailah amesema usichanganye," nikamwambia.

"Lailah anajua mambo ya chupa, Kukhu. Mafuta haya nayajua mimi. Yamewahi kumdhuru mtoto gani?"

Akampaka uso mzima, mashavu na yote. Kisha akachukua kaveera, mfuko wa plastiki, akautoboa matundu ya macho, pua na mdomo, akamfunika nao usoni, kama tunavyofunika nywele ili mafuta yaingie.

Na yaliingia. Shea ilishikilia ile asidi, plastiki ikaipikia hapo hapo.

"Mama, naungua."

"Vumilia. Wewe ni mtoto wa askari."

Basi akavumilia. Alikaa kwenye kigoda, ngumi magotini, machozi yakitoka kwenye yale matundu. Niliposema afunguliwe, ni yeye mwenyewe aliyekataa kwa kichwa. Jioni mama yake alipoutoa ule mfuko, ngozi ya mashavu ilibaki kwenye plastiki.

Siku ya usaili alikwenda hivyohivyo, uso mwekundu unatoa maji. Mimi na Alanyo tulisubiri getini. Alikimbia akawashinda wenzake wengi. Halafu akaingia kwa daktari, na hakukaa humo.

"Amesemaje?" Alanyo akauliza.

"Amesema chunusi wangeziacha tu zipite, Mama. Kila mmoja anazo. Vidonda ndivyo hawachukui."

Tangu hapo Aciro analala amegeukia ukuta. Jana niliwapelekea uji. Nikamkuta Alanyo nyuma ya nyumba, amekaa chini, kaveera imefungwa mkononi kwa mpira wa baiskeli, lile kopo la mafuta na asidi liko wazi kando yake.

"Nini tena hiyo?"

"Lailah alisema nijaribu kwanza mkononi."

"Alanyo, toa."

"Bado haijachoma mpaka alipofikia mwanangu."

Nikautua uji chini. Kwa kawaida neno la kuchekesha linanijia kabla sijalitafuta; safari hii nikalitafuta. Nikaushika ule mpira niufungue, akaukaza mkono kifuani.

"Aciro hakutoa," akasema.