Kikombe Kilichojaa

Jumanne, saa nane mchana, Burulcha alikuwa akikanda unga wakati baba mkwe wake alipoingia, akavua viatu mlangoni na kuketi mahali pake pa zamani, upande ulioelekea mlango. Alikuwa amekufa miezi kumi na moja iliyopita. Burulcha akamwinamia, akampangusa udongo begani, akammiminia chai kidogo tu chini ya kikombe. Katika kijiji chao cha milima ya Naryn, mgeni humiminiwa kidogo kidogo ili akae. Kikombe hujazwa hadi ukingoni kwa yule tu unayetaka aondoke.

Hakumsemesha. Mke wa mwana hamsemeshi baba mkwe, na Burulcha, aliyeacha shule darasa la tatu, hakuzoea kusema hata aliporuhusiwa.

"Nasikia mnataka kukopa," mzee Kadirkul alimwambia mwanawe, mume wa Burulcha.

"Ni kwa karamu yako ya kutimiza mwaka kaburini, baba," Ermek akajibu. "Farasi wawili."

"Mimi sina njaa."

"Nani kasema ni kwa ajili yako?" Sairakan, mke wa mzee, akadakia, macho yakiwa kwenye sufu aliyokuwa akisokota. "Jirani Tokon alimchinjia baba yake farasi mmoja. Nasi tukichinja mmoja watasema tumeiga. Nitapitaje bombani?"

"Nichinjieni kondoo."

"Kondoo! Ulikufa bahili, umerudi bahili."

Mzee akacheka, akakohoa udongo kidogo.

Alhamisi alikuja afisa wa mikopo, mwanamume wa makamo mwenye jino la dhahabu, akatandaza karatasi zake juu ya kitambaa cha chakula. Mkopo ni som laki mbili na sitini elfu. Dhamana ni ng'ombe mwekundu. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyomlea mtoto wa Burulcha tangu maziwa yake mwenyewe yalipokauka.

"Mume aweke sahihi hapa, na mke hapa," afisa akasema. "Bila mke hakuna mkopo."

Burulcha alitoka akaingia mara nne. Alifunika unga uliokwisha kufunikwa. Alikwenda zizini akamhesabu ng'ombe, alikuwa mmoja. Akarudi, akashika birika, akamimina chai ya afisa hadi ikafurika juu ya kitambaa.

Wote wakakitazama kikombe. Mzee Kadirkul akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mkono umemteleza," Sairakan akasema, akaimwaga nusu ya chai bakulini. "Bado mgeni huyu, hajazoea nyumba."

Ulikuwa mwaka wa sita wa Burulcha pale.

"Buru, unatuaibisha," Ermek akanong'ona. "Weka sahihi."

"Usiweke, mwanangu," mzee akamwambia Burulcha.

"Baba, wewe umekufa, huna sauti hapa," Ermek akamwambia kwa upole.

Afisa akakubali kwamba ndivyo sheria ilivyo. Burulcha akaliandika jina lake herufi moja moja, na likaisha kabla hajawa tayari.

Karamu ilihudhuriwa na watu mia mbili. Mzee Kadirkul mwenyewe aliwamwagia wageni maji ya kunawa, na kila mmoja aliondoka na mfuko wa nyama. Bombani walisema hawajaona karamu kama ile tangu ile ya Tokon.

Theluji ya pili ilipoanguka, Ermek alishindwa kulipa, na ng'ombe mwekundu akachukuliwa kwa kamba ngeni. Ile ya kwao ilibaki ukutani mwa zizi. Mtoto akawa anapewa chai yenye unga. Bado deni lilibaki, kwa hiyo mzee Kadirkul akatwaa fimbo yake, akaenda kuwachungia watu kondoo. Walimlipa nusu, kwa kuwa hali chakula. Mshahara wote ulikwenda benki.

Majira ya kuchipua, Tokon alikuja, akaketi.

"Shemeji Buru, namba ya yule afisa wenu mnayo? Mama yangu anatimiza mwaka kaburini. Safari hii ni farasi watatu."

Burulcha akamjazia kikombe hadi ukingoni. Tokon akainama, akapunguza ya juu kwa midomo, akainywa yote.

"Chai yenu tamu. Niongezee."

Sairakan akamtajia namba kutoka kichwani, bila kuitafuta mahali.

Mzee Kadirkul alikuwa mlangoni, akivaa viatu. "Mama yako nilikutana naye jana kule," akamwambia Tokon. "Aliniuliza kama kuna kondoo wa kuchunga."

"Wapo?"

"Wa ng'ambo ya mto."

"Basi vizuri," Tokon akasema, akiandika namba kiganjani.

Burulcha akaenda zizini, akaitazama kamba, akarudi. Akashika birika, akamjazia Tokon tena.