Mpishi Aliyetembea Ukutani

Fundi Silvesta aliunga waya wa mwisho, akapuliza moshi wa risasi ya kuungia, akawasha. Kwenye kioo cha televisheni akatokea mpishi mnene mwenye kofia nyeupe, anatembea ukutani kama mjusi. Mayai yakaja yanaruka kutoka kushoto. Moja likampiga usoni, akatawanya miguu, akafa.

"Wajapani nao na michezo yao!" Silvesta akasema.

Mashine ilikuwa ya baa moja huko Mombasa, ile michezo ya kutumbukiza sarafu. Kabati lake la mbao liliishia tumboni mwa mchwa. Mihayo, mnunuzi wa dhahabu wa Rwamgasa, alinunua matumbo yaliyobaki, akayaleta kwa Silvesta mtaani Kambarage pamoja na televisheni yake ya kuangalizia video.

"Nataka niwashe jenereta langu, nicheze nyumbani nimekaa kwenye kochi," alisema.

Silvesta, fundi wa redio, alikubali kwa sababu alitaka kujua mle ndani mna nini. Udadisi ndio ulikuwa ugonjwa wake.

Sasa picha ilikuwepo, rangi zilikuwepo, ila hakujua kama kazi imekwisha. Redio ikikoroma unajua ni mbovu. Lakini mpishi anayefukuzwa na mayai, utajuaje kipi ni kasoro na kipi ndivyo wenyewe walivyotaka? Huenda kwao wapishi hutembea ukutani.

Nyuma yake, kitandani, alilala mama yake, Anisia. Tangu ateleze kisimani na kuvunjika nyonga, alilalia ubavu mmoja tu. Muuguzi alisema wazi: asipokalishwa, kifua kitajaa na kitamuua. Mwanzoni kila walipojaribu kumkalisha alipiga yowe. Siku hizi hata yowe hapigi, wala hasemi. Anakataa kwa kufumba macho. Silvesta alimhamishia chumba cha kazi ili awe karibu naye. Aliogopa kwamba siku moja atageuka na kukuta kimya cha namna nyingine.

"Anaanguka huyo," sauti ikasema.

Silvesta akadhani ni redio.

"Ng'wanawane, mwanangu, mwambie apande haraka! Mayai yanamdondokea!"

Akageuka. Mama yake alikuwa amekazia macho kioo.

"Anapanda wapi, mama?"

"Ngazi si hiyo? Huna macho?"

Silvesta akainamisha shingo, haikutosha. Akavua viatu, akajilaza nyuma ya mama yake, shavu juu ya mto. Mpishi akasimama wima. Ngazi ikawa ngazi, na mayai yakaanguka kutoka juu, kama mayai yanavyopaswa kuanguka. Kumbe mchezo ulitengenezewa kioo kilicholazwa ubavu! Alicheka kwa furaha mpaka kitanda kikatikisika. Mama yake akamwambia aache kumtikisa, amletee hicho kishikio cha kuongozea.

Limi, mke wa Silvesta, aliingia na mboga mkononi akawakuta wamelala wote wawili, mama mkwe anamtukana mpishi kwa Kisukuma.

"Mmerogwa?"

"Njoo ulale uone," Anisia akamjibu.

Mihayo alifika alasiri na pikapu na vijana wawili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye mpishi?"

Silvesta akailaza televisheni ubavu juu ya meza ili mgeni acheze amekaa. Kwa Anisia, mpishi akarudi ukutani. Silvesta aliliona hilo usoni mwa mama yake, likamchoma. Lakini mali ya watu ni ya watu. Mihayo aliporidhika wakazima, vijana wakaibeba.

Anisia akafumba macho. Silvesta akaanza kuokota vipande vya waya mezani.

Nje kijana mmoja akamwambia mwenzake, "Isimamishe vizuri hiyo!"

Anisia akafumbua macho. "Wanaisimamisha?"

"Ni kwenye gari tu, mama. Haina neno."

"Wakizoea hivyo, mpishi atakuwa ukutani tena huko Rwamgasa. Nikalishe."

"Nini?"

"Nikalishe, nimesema! Nione!"

Silvesta na Limi wakapitisha mikono chini yake. Akapiga yowe lililofika barabarani, lakini hakuiachia shingo ya mwanawe. Miguu ikaning'inia. Akakaa, anahema, jasho linamtiririka, akachungulia dirishani.

"Lazeni!" akawapigia kelele. "Lazeni ubavu, ninyi!"

Vijana wakaduwaa na kamba mikononi. Mihayo akashuka kwenye gari, akaishika televisheni kwa mikono miwili, akaanza kuigeuza polepole, huku akimtazama yule mwanamke aliyekaa dirishani amwonyeshe ni upande upi.