Utepe Uliokataa Kifua cha Paskazia

Jumanne, saa nne asubuhi, Kadidja alikuwa akimpima Paskazia gauni la kitenge la sherehe ya mahari ya binti yake. Duka liko mtaa wa Magarama, Gitega: mlango wa bluu, cherehani mbili, moja nzima. Paskazia alikuwa ametoka Muyinga kwa basi la alfajiri, kwa sababu, alivyosema, fundi wa kwao hupima kwa macho na kukata kwa matumaini.

Utepe ulizunguka mgongo, ukafika titi la kushoto, ukasimama. Kadidja akavuta. Utepe ukakaza. Ulikuwa wa njano, wa sentimita mia na hamsini, na mpaka asubuhi hiyo haukuwa na rekodi yoyote ya utovu wa nidhamu.

Kadidja alilaumu kwanza aliyemuuzia. Kisha akaweka vidole pale ulipogoma, akakuta kitu kigumu, kidogo kama punje ya harage. Paskazia alisema anakijua; kilikuja kabla ya mvua, hakiumi, na mumewe Egidius ameshauri kingoje sherehe ipite. Akaomba aachiwe tu nafasi ya ziada kwenye mshono.

"Mama, nafasi mi naweza kuacha," Kadidja alisema. "Lakini hii utepe iko inakataa. Itabidi muende nayo hospitali."

"Na gauni?"

"Gauni iko na subira. Hiyo kitu haina."

Kadidja alikuwa na wateja wengine, kwa hiyo Paskazia alikwenda na utepe, umemkumbatia juu ya blauzi, ncha ikining'inia kwa adabu. Muuguzi wa mapokezi alitaka jina la umurwaza, yaani mtu wa kumwangalia mgonjwa. Akaandika: utepe. Kwenye uhusiano akaandika: wa kikazi.

Majibu ya vipimo yalipotoka, daktari alieleza kwamba mwili hujishona kila siku, na saratani ni cherehani ambayo mguu umekataa kutoka kwenye pedali. Inashona tu, hata kitambaa kikiisha. Ikikutwa mapema, uzi hukatwa na maisha huendelea. Zipo pia dawa mpya zinazowafundisha askari wa mwili kumtambua adui. Dawa hizo zimejifunza mengi, isipokuwa barabara ya kuja Gitega. Mashine ya mionzi nayo iko ng'ambo ya mpaka wa Kobero, mbele ya Muyinga.

"Yaani nimetoka Muyinga kuja huku," Paskazia aliuliza, "ili nirudi Muyinga, nipitilize?"

"Ndiyo, mama."

Siku ya upasuaji utepe ulijiachia wenyewe, ukajikunja, ukangoja kwenye kiti. Egidius alifika na kikapu cha ndizi, akauomba msamaha mbele ya wodi nzima. Utepe haukujibu, ulikuwa utepe.

Paskazia alivuka mpaka, akapigwa mionzi wiki zote alizoandikiwa, akarudi amekonda na anacheka. Sherehe ilifanyika Agosti. Alicheza mpaka wakwe wakaomba apumzike kwa niaba yao.

Hospitali iliandika barua, yenye mhuri, kuomba utepe kila Jumatatu. Kadidja alikubali, mradi urudishwe kabla ya saa kumi. Wanawake wa mitaa ya Yoba na Musinzira walipanga foleni, wakaletewa chai. Kufikia Desemba utepe ulikuwa umewakamata kumi na mmoja, wote mapema, na daktari alisema hajawahi kuwa na mwaka mzuri kama huo. Barua ya pili, ya kuiomba wizara mashine ya mionzi, ilijibiwa kwamba imepokelewa.

Kwa hiyo siku hizi Paskazia ndiye anayewasindikiza wenzake Kobero. Alhamisi iliyopita aliwasindikiza wanne, na sufuria ya wali. Afisa wa mpaka aliwauliza kama wanakwenda harusini.

"Tunakwenda kwenye mashine, baba," Paskazia alisema. "Kwetu haijafika."

Afisa akagonga mihuri mitano, kama mwenzake wa wiki iliyotangulia, akawaonyesha kivuli kizuri cha kusubiria gari.