Mkanda wa Kisiagi Kwenye Roboti

Kwa Nasimiyu pale Chwele, kisiagi, ile mashine ya kusagia mahindi, hakizimwi siku ya soko. Injini ya dizeli ikishalala, kuiamsha ni kupigana na mkono wa chuma mpaka mabega yalie. Kwa hiyo mkanda ukianza kutoka kwenye gurudumu, mtu huusukuma kwa kiganja huku ungali unazunguka, kisha anaendelea na hadithi yake. Nangila, bintiye wa kidato cha tatu, aliyajua hayo kabla ya kujua kusoma.

Alipoomba mkanda mkuukuu wa kutengenezea roboti ya mashindano ya shule kule Kitale, mama alimpa, naye akaukata akaunga mikanda miwili mifupi ya kutembelea, kama ya tingatinga. Roboti yenyewe ilikuwa sanduku la mbao, betri, na mota mbili za waipa za pikapu. Huzaifa, mwanafunzi mwenzake anayekaa karibu na msikiti wa Bungoma mjini, alitaka waweke magurudumu.

"Wacha mambo ya katapila," alimwambia. "Gurudumu inakata kona bila stori. Hii mikanda itatoka."

"Na ile mlima ya mchanga ya mashindano utapanda na nini? Dua?"

"Hata dua inataka gurudumu, bana."

Nasimiyu alicheka nao, lakini roho haikutulia. Muda mfupi kabla, roboti ilikuwa imekamata kitambaa cha kupangusia na kukimeza chote.

"Nangila, hicho kitu kina nguvu."

"Si ni kadogo tu, mama? Kisiagi ndio kitu."

Kitale, roboti za magurudumu zilichimba mchanga na kukwama moja baada ya nyingine. Ya Nangila ikapanda polepole kama kobe, watu wakapiga makofi. Sheria ilikuwa hii: ukizima mashine, zamu yako imekwisha. Kule juu ilibidi igeuke ishuke, na ilipogeuka mkanda wa kushoto ukaanza kutoka.

"Nazima," akasema Huzaifa, aliyeshika swichi.

"Usizime." Nangila alikuwa ameshainama.

Nasimiyu, nyuma ya kamba pamoja na wazazi wengine, aliuona ule mkono ukienda, kiganja wazi, vilevile unavyoenda nyumbani. Mkanda wa kisiagi ni mrefu, huacha nafasi ya mkono kuponyoka. Huu ulikuwa mfupi. Ulirudi mahali pake, na kidole cha shahada kikaenda nao.

Huzaifa alizima. Hospitalini daktari aliondoa pingili mbili.

Nangila alipozinduka aliuliza, "Mama, mkanda ulirudi?"

"Ulirudi."

Mtoto akatabasamu, na hilo tabasamu likamtisha Nasimiyu kuliko damu. Vidole vilivyobaki ni vingi, na nyumbani kisiagi kinanguruma.

Majirani walipokuja kutoa pole walisema ajali haina kinga.

"Hii ilikuwa na kinga," Nasimiyu akawajibu huku akimimina chai. "Ni kuzima tu."

"Tungezima tungekosa ushindi," akasema Nangila kutoka kwenye kochi, mkono umefungwa bandeji.

"Na si mlikosa?"

"Tulikosa, lakini ulirudi."

Nasimiyu akaendelea kumimina chai. Angemwambia nini mtoto ambaye, tangu azaliwe, hajawahi kumwona mamake akizima kisiagi ili kurudisha mkanda?