Malkia wa Vitana

Likizo ile nilirudi nyumbani nikiwa mtu wa vyeo. Bwenini nilikuwa kiranja wa usafi, na nyumbani mama mdogo akaniteua kuwa Mkurugenzi wa Masoko wa saluni yake, yenye viti viwili, kioo chenye ufa, na draya ya kukaushia nywele inayonguruma kama ndege iliyokataa kuruka. Uteuzi ulifanyika nikiwa nimeinama, nafagia nywele.

"Profesa," alisema, maana ndivyo anavyoniita nikipatia na nikikosea, "simu haikutoki mkononi. Basi ifanye iniletee wateja."

Akaunti ya saluni ilikuwa na wafuasi wa kuhesabu kwa vidole, wengi wao ndugu. Mjomba aliweka moyo mwekundu kwenye kila picha, hata ile ya beseni niliyoiposti kwa bahati mbaya. Nilianza kwa unyenyekevu: picha za kabla na baada, video fupi za kusuka zilizoharakishwa, muziki unaovuma. Watu walipita bila kugeuka, kama wanafunzi wanavyompita mwalimu wa zamu.

Ndipo nikamsikiliza mtaalamu mmoja wa masoko ya mtandaoni, kijana mwenye suti ya kubana. Alisema siku hizi watu hawafuati bidhaa, wanafuata kisa. Wape ugomvi, alisema, watakuja wenyewe na watabeba wenzao.

Nikawapa ugomvi.

Nilifungua akaunti ya pili, nikaiita Malkia wa Vitana, nikaiwekea picha ya kitana cha dhahabu. Malkia akaanza kazi siku hiyohiyo. "Hizo ni rasta au kamba za kufungia mbuzi?" aliandika chini ya video yetu. Mimi huyohuyo, sasa nikiwa na kofia ya Mkurugenzi, nikamjibu kwa niaba ya saluni: "Ni kamba za kufungia midomo, Malkia. Njoo tukupime."

Watu wakasogea. Wengine wakawa upande wa Malkia, wengine upande wetu, na wengine wakaja kula karanga tu. Kabla likizo haijafika katikati, benchi la kusubiria lilijaa, na kila mteja mpya aliuliza kabla hata hajakaa, "Eti huyu Malkia ni nani hasa?"

"Mwenye wivu fulani," mama mdogo alijibu akicheka. "Lakini Mungu ampe uzima, ananiletea watu."

Nilifagia kwa madaha. Nilijiona mtu mwenye kipaji.

Sasa nimtaje Anti Sindano. Ni rafiki wa mama mdogo tangu walipokuwa wasichana wakijifunza kazi saluni moja. Mwembamba, mpole, anashona mawigi nyumbani kwake mtaa wa nyuma. Mawigi yake yalikaa dirishani kwetu juu ya vichwa vitatu vya plastiki, yakisubiri wanunuzi. Kila jioni alipita, akanywa chai na mama mdogo, wakasengenya dunia nzima kwa haki na usawa.

Shida ya ugomvi ni kwamba unapoa. Komenti zilipoanza kupungua, nilitafuta kitu chenye makali, nikakumbuka kisa. Zamani, wakiwa vibarua, mama mdogo alisahau dawa ya kulainisha kichwani mwa bibi harusi, na nywele zote za mbele zikabaki kwenye beseni. Anti Sindano alichukua uzi, akamshonea nyingine palepale kwa utulivu wa daktari. Bibi harusi akaondoka akishukuru, na mpaka leo hajui. Walikumbushana kisa hicho sebuleni kwetu, wakicheka mpaka machozi, wakidhani nimelala kwenye kochi.

Malkia akaandika: "Muulizeni kuhusu bibi harusi aliyeacha nywele zake kwenye beseni."

Posti ilienda kama moto. Mteja aliyekuwa kitini akamsomea mama mdogo kwa sauti, huku akicheka. Mikono ya mama mdogo ikasimama katikati ya msuko.

"Hilo jambo," alisema taratibu, "tunalijua watu wawili tu."

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Badala yake nilichukua ufagio, nikafagia mahali palipokuwa pasafi.

Jioni Anti Sindano aliingia na mfuko wenye wigi jipya. "Mwenzangu! Benchi limejaa hivi? Hongera!"

"Hongera uwape wafuasi wako, Malkia."

"Malkia gani tena?"

"Usinifanye mtoto mdogo. Kisa kile nani mwingine anakijua? Kama ulikuwa na kinyongo, ungenijia usoni."

Anti Sindano alitabasamu, akisubiri mwenzake acheke. Mwenzake hakucheka. Mteja mmoja akainua simu kurekodi. Tabasamu likaondoka polepole, na mwenyewe akaondoka nyuma yake bila hata kudai vichwa vyake. Mlangoni alinikuta mimi na ufagio wangu.

"Profesa," aliniambia kwa upole, "usisahau kusoma."

Afadhali angenizaba kibao.

Mama mdogo aliviondoa vichwa dirishani, akavipanga stoo vikitazama ukuta, kama wanafunzi waliochelewa gwaride. Kila nilipoingia kuchukua taulo nilivikuta vimenipa kisogo. Niliifuta ile posti, lakini watu walikuwa wameshaipiga picha na kuisambaza. Chakula kikanishinda, na mtu wa bweni akishindwa na chakula, hayo si maumivu ya kawaida. Mara kadhaa nilianza, "Mama mdogo, kuna kitu..." naye akanikatiza, "Mwanangu, bila wewe sijui ningekuwa wapi." Sentensi yangu ikarudi tumboni na kulala huko.

Jumamosi mchana alivaa gauni la sherehe, akapaka wanja. "Leo narusha laivu," alisema. "Wafuasi wameomba nimjibu Malkia, nitamjibu. Shika simu."

"Utasema nini?"

Alinivuta stoo, akafunga mlango ili wateja wasisikie. "Yule mwanamke hana hata unywele mmoja, Profesa. Alipougua zilidondoka zote na hazikurudi. Mimi ndiye niliyemnyoa za mwisho, humuhumu, mlango umefungwa, analia. Hata ndugu zake hawajui. Yeye kaanika beseni langu. Na mimi nitaanika kichwa chake."

Alisema kwa ukali, lakini wanja ulikuwa umeanza kuteremka. Nilitazama vile visogo vitatu vya plastiki. Nikaelewa kwa nini Anti Sindano anashona mawigi mazuri kuliko mtu yeyote.

Tukatoka. Nikashika simu. Laivu ikaanza, na watazamaji wakamiminika kama maji ya bomba lililopasuka: mioyo, vicheko, "Mwagaaa!" Mama mdogo alikohoa, akatazama kamera.

"Wapendwa, mmeniuliza Malkia ni nani. Namjua. Na leo nitawaambia kitu kimoja kuhusu kichwa cha..."

Nikaigeuza kamera. Kwenye kioo cha simu ikatokea sura yangu, na chunusi zake zote.

"Malkia wa Vitana ni mimi," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba, haikumstahili kiranja. "Ni mimi peke yangu. Anti Sindano hahusiki. Nilitaka mtufuate."

Komenti zikafurika. "Bonge la igizo!" "Dogo anajua kuigiza!" "Sehemu ya pili lini?" Hakuna hata mmoja aliyeniamini, na wafuasi wakazidi kupanda. Mama mdogo alininyang'anya simu, akaizima.

"Amekutuma?" aliuliza. "Amekuomba umfichie aibu?"

"Hapana, mama mdogo. Siku mliyosimulia kile kisa ulimwaga chai kwenye zulia, ukasema kama bibi harusi angepiga chafya nywele za kushonewa zingeng'oka zote. Nilikuwa kwenye kochi."

"Ulikuwa umelala."

"Nilikuwa nimejifunika kitabu cha kemia."

Nilingoja kofi, nikalitayarishia shavu. Halikuja. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akajitazama kwenye kile kioo chenye ufa.

"Nilikuwa nakaribia kusema," alinong'ona. "Lilikuwa mdomoni hapa." Kisha akasimama. "Beba vile vichwa. Twende."

Nilipita barabara nzima na vichwa vitatu: kimoja kila kwapa, kimoja kifuani kama mtoto mchanga. Wauza duka walitoka kutazama. Mama mdogo alitangulia bila kugeuka, gauni la sherehe likiburuza vumbi.

Anti Sindano alifungua mlango akiwa amejifunga kitambaa kichwani, uzi umening'inia mdomoni. Nilisimulia yote. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye utangulizi na hitimisho, lakini ilitoka vipandevipande. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu hakunijibu mimi. Alimtazama mama mdogo.

"Mtoto ni mtoto. Wewe je? Uliamini haraka hivyo?"

"Niliamini," mama mdogo alisema.

"Mimi ningekuja kukuuliza."

"Najua. Na leo nilitaka kusema lile la..." Aligusa nywele zake mwenyewe. Hakumaliza.

Anti Sindano akapeleka mkono kwenye kitambaa, akakikaza. Mwisho akasogea kidogo, nafasi ya mtu mmoja kupita.

"Ingia," alimwambia mama mdogo. Kisha kwangu: "Vichwa viweke hapo ndani kwenye meza. Chako kibaki nje."

Nilikaa kwenye ngazi, mlango umefungwa nyuma yangu. Simu ilitetemeka mfululizo mfukoni. Kijana mmoja akapita, akarudi kinyumenyume. "Wewe si yule wa laivu? Mzee, umeua! Tupige selfi."

"Nina msiba," nilimwambia. Akaondoka akicheka, akidhani nalo ni igizo.

Nilimfungua Malkia, nikabonyeza kufuta. Simu ikaniuliza kama nina uhakika, kwamba nitapoteza wafuasi wangu wote. Nikabonyeza ndiyo, kitana cha dhahabu kikapotea. Moyo haukupata nafuu.

Nilitega sikio nikitafuta kicheko. Hakikuwepo. Kulikuwa na sauti ya kijiko kikikoroga kikombe kimoja, taratibu, halafu kijiko kikiwekwa chini. Nilijikunja pale kwenye ngazi, nikasubiri kikombe cha pili, cha mama mdogo.