Kura Mbili za Nyumba Moja

Mguu wa Immaculata ulikuwa umevimba, na kituo cha kura kilikuwa mbali. Alitamani mno kupiga Ndiyo, nchi iingie soko la pamoja, ili dada yake aliyebaki Burundi avuke mpaka bila usumbufu. Mumewe Didace, mkulima wa mpunga, alishapiga Hapana tangu asubuhi, maana alihofia mchele wa nje.

"Kitendawili," Immaculata alisema, kadi mkononi.

"Tega."

"Ninayo moja, nimeingoja tangu nipewe uraia, na jioni hii inakufa."

Didace akatoa baiskeli, akafunga mto kwenye keria.

"Panda, mama Spès. Twende ukaiue kura yangu kwa kura yako."

"Si ungenyamaza tu ukanishinda?"

"Nimshinde mwenye mguu mmoja? Nishike kiuno."

Immaculata akamshika, wakaondoka polepole.