Unyayo wa Kurudi

Asubuhi moja mwaka wa hamsini na sita, Asmahani alikuwa barazani kwake Ngamiani, mjini Tanga, akipika vitumbua, mumewe Hatibu akapita akifanya mazoezi. Hatibu alikimbia kama mtu aliyekanyaga siafu: mikono juu, meno nje, visigino vikipiga ardhi mpaka vikombe vya jirani vikalia. Nyuma yake akaja Zebedayo, mkata mkonge wa kambi ya njia ya Pongwe. Mabega yametulia kana kwamba amejitwika mtungi uliojaa, hatua ndefu, mguu unagusa mchanga kwa adabu.

"Mtazame mwenzio," Asmahani akamwambia mumewe. "Yule hakimbii, anateleza. Mwanamume wa kutazamwa!"

Maneno hayo yakamkaa Hatibu kooni kama mwiba wa changu.

Mshindi wa mbio za Raskazone mpaka Ngamiani angepelekwa Dar es Salaam, na mji mzima ulijua atakuwa nani.

Wakimbiaji wa pwani wakimaliza mazoezi hufagia nyayo zao kwa kuti, mchawi asije akazichota akawaibia mbio. Zebedayo alikuwa Mlutheri wa milimani. Yeye alifagia nyumba yake tu. Basi Hatibu akauchota unyayo mmoja wa Zebedayo, mchanga na yote, akaufunga kwenye kitambaa, akauvaa kiunoni. Hatua ya mwenzake ikamhamia, na sugu ya kidole kidogo ikahama nayo. Kosa lilikuwa moja: aliuchota jioni, Zebedayo akirejea kwake. Mjuzi angechota wa kwenda. Ule ulikuwa wa kurudi.

Siku ya mbio Hatibu aliteleza. Zebedayo alifika wa mwisho, visigino vikipiga, meno nje. Hatibu akakata utepe, asisimame. Akapita soko, akashika njia ya Pongwe mpaka kambini, akaingia kwa Zebedayo akaketi kwenye kigoda. Lea, mke wa Zebedayo, alikwishatenga maji ya moto na chumvi, maana hatua ile aliisikia toka mbali. Akaosha miguu, akaifikia sugu, ndipo akainua macho.

"Kumbe uso ni wa mwingine," akasema, akaendelea kuosha.

Kombe lililetwa Ngamiani na mtu wa kamati, kwa baiskeli.

Ikawa hivyo kila jioni. Asmahani akajitanda buibui, akamfuata.

"Mwenzangu, mume wangu anatafuta nini kwako?"

"Miguu ni ya mume wangu, bibi. Huyo aliye juu yake mchukue. Hata wali hali vizuri."

"Wali! Kumbe na wali umempa!"

Zebedayo alikuwa kitandani, amechoka kwa kutembea vibaya. "Ndugu Hatibu," akasema, "umwage mchanga wangu pale ulipouchota, yaishe."

"Nikitoka Dar es Salaam," Hatibu akajibu.

Huko Dar es Salaam, bastola ilipolia wenzake walielekea baharini, yeye akashika njia ya Tanga. Alifika kambini baada ya siku kadhaa, hahemi, akaketi kwenye kigoda. Kamati ikasema kijana ana mbio nzuri sana, ila hakuelekezwa. Mwakani atapelekwa tena. Zebedayo akaenda kuomba nafasi yake. Wakamtaka akimbie kidogo uani, wakamtazama, wakamwambia arudi akakate mkonge.

"Nikitoka huko mwakani," Hatibu akamwambia jioni ile, miguu ikiwa majini.

Wakazoea. Kombe likakaa kabatini Ngamiani, Asmahani akilisugua kwa majivu kila Ijumaa. Zebedayo akirudi shambani huketi kando ya beseni. "Taratibu hapo penye sugu," humwambia mkewe, "panauma." Hatibu hufumba macho. Naye Asmahani huja na kigoda chake mwenyewe, akaketi akimkodolea Lea macho, akichunga maji yasipande kupita kifundo.